Samadi, Majani na Mikono: Safari ya Ukara

Abiria anayetoka Mwanza kwenda Ukara huvuka maji mara mbili. Kwanza hupanda meli hadi Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mwendo wa saa tatu na ushei. Kisha hushika njia ya kaskazini, kwa gari au pikipiki, akipita katikati ya michungwa, mashamba ya mananasi na mihogo, mpaka Bugolora. Hapo husubiri kivuko cha kwenda Bwisya. Nilipita njia hiyo mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanguka, nikiwa na shabaha moja: kuyaona mashamba ambayo wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiyaandikia tangu miaka ya 1930, na ambayo Watanzania wengi hawajapata kuyasikia.

Foleni ya Bugolora inaeleza mengi kuhusu kisiwa kabla mtu hajakikanyaga. Yalikuwapo magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, mifuko ya saruji, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na mama mmoja aliyekuwa ameshikilia bati jipya kama anayeogopa upepo utamnyang'anya. Kisiwa kinalima sana, lakini kinakula zaidi ya kinachovuna. Pengo hilo hujazwa na kivuko.

Hakuna anayevuka hapo bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, na kivuko MV Nyerere kilikuwa kinarudi Bwisya kikiwa na shehena ya namna hiyo hiyo: mahindi, ndizi, saruji, na watu wengi kupita idadi kiliyoruhusiwa kubeba. Kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gatini. Waliokufa walizidi 220. Baadhi yao walizikwa Bwisya, karibu na mahali walipofia. Walikuwa wakulima, wafanyabiashara wadogo, wanafunzi, watu waliokwenda sokoni na kurudi nyumbani. Leo kuna kivuko kipya, MV Ukara II, na abiria niliokaa nao walihesabu watu kwa macho kabla kamba haijafunguliwa. Mzee aliyekuwa kando yangu aliniambia kwamba tangu siku ile yeye haingii chomboni mpaka aone nani anapanda na anabeba nini.

Kwa nje Ukara inafanana na ndugu zake wengi wa Ziwa Victoria: majabali ya matale yaliyorundikana juu ya vilima, na maji ya buluu kila upande. Ni kisiwa kidogo, cha kilomita za mraba zisizozidi 80 hivi. Ukianza kutembea ndipo unapoona kitu cha ajabu. Hakuna pori. Hakuna shamba lililoachwa lipumzike. Kuanzia ukingo wa ziwa hadi kwenye miguu ya majabali, ardhi imegawanywa vipande vidogo, kila kimoja na mpaka wake, na kila kimoja kimelimwa au kinangoja kulimwa. Katika miaka ya 1960 kisiwa hiki tayari kilikuwa na watu wapatao 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakati sehemu kubwa ya bara ng'ambo ya ziwa ilikuwa bado na misitu ya kufyeka.

Mtu angedhani basi udongo wake una rutuba kubwa. La. Udongo wa Ukara ni kichanga kilichotokana na matale yaliyomomonyoka, mwepesi, usioshika maji wala chakula cha mmea. Ukiushika mkononi unapita katikati ya vidole. Kwa kawaida udongo wa namna hii hulimwa misimu miwili au mitatu, kisha huachwa miaka kadhaa ili majani na miti irudi. Wakara, wenyeji wa kisiwa, hawana nafasi ya kuuacha. Wanaulima kila mwaka, vizazi na vizazi, na bado unatoa uwele.

Jibu la fumbo hilo nililikuta ndani ya nyumba.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane wa makamo, mwenye ng'ombe wawili na mbuzi watatu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunitengea kigoda na maji ya kunawa, alinipeleka kuona ng'ombe wake. Hawakuwa malishoni, kwa sababu malisho hayapo. Walikuwa wamesimama ndani ya shimo lililochimbwa chini ya paa, kina chake kikimfikia mtu kifuani likiwa tupu, lakini siku ile sakafu yake ilikuwa imepanda karibu na usawa wa ardhi. Kila siku mama huyo na wanawe huwaletea majani. Ng'ombe hula yale wayapendayo na kuyakanyaga yale wasiyoyataka. Mkojo na kinyesi huzama katika mabaki hayo. Kesho yake tabaka jingine huja juu. Hivyo sakafu hupanda wiki kwa wiki mpaka shimo lijae, na hapo ndipo huanza kazi ya kulitoa.

Hekima ya shimo hilo si ndogo. Katika zizi la wazi, jua hukausha kinyesi, mvua huosha mkojo, na sehemu kubwa ya naitrojeni, ambayo mmea huihitaji sana, hupotea hewani au mferejini. Chini ya paa, ndani ya shimo, majani makavu hunyonya mkojo na kuushikilia. Mkulima akifungua shimo lake anapata samadi nzito, nyeusi, iliyooza vizuri, na yenye nguvu kuliko ile inayozolewa kwenye mazizi ya bara. Mama mwenyeji wangu hakutumia maneno ya maabara. Alichota konzi moja, akaiminya, akanionyesha kwamba haitoi maji wala haimwagiki kama vumbi. Ikiwa hivyo, alisema, iko tayari kwenda shambani.

Safari ya shambani hufanywa kwa kichwa. Kabla ya mvua, wanawake, vijana na baadhi ya wanaume hujaza vikapu na kupanda navyo vijia vya mawe, wanakwenda na kurudi tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Kipande kimoja kidogo hula vikapu vingi mno. Samadi haitoshi mashamba yote kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hupewa zamu: mwaka huu kipande hiki, mwakani kile, na mwaka wa tatu kile kingine.

Kipande kisichopata samadi nacho hakiachwi hivi hivi. Hapa ndipo yanapoingia majani ya jamii ya marejea, mmea wenye maua ya manjano ambao mizizi yake hubeba vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Wakara wa zamani hawakuwa na darubini za kuwaona bakteria hao, lakini waliujua mmea. Waliusia katikati ya uwele uliokwisha kuota na kupaliliwa. Uwele ukivunwa, marejea hubaki shambani, hukua, hutoa majani mengi, kisha hulimiwa chini kabla ya msimu unaofuata ili yaoze ndani ya udongo. Msimu mwingine uwele huchanganywa na njugu mawe, ambazo nazo ni jamii ya kunde na hufanya kazi ile ile ardhini huku zikiwapa watu chakula. Kwa mpango huo wa miaka mitatu, samadi, marejea na njugu mawe hupokezana, na kichanga kisichofaa kitu kinaendelea kuzaa.

Nilipotembea na mama huyo kuelekea bondeni nilijifunza kwamba hata miti ina wenyewe. Mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Matawi hukatwa kwa hesabu, kwa ajili ya ng'ombe na kwa ajili ya kuni, na mtu akikata tawi la jirani bila ruhusa kesi hufika kwa wazee. Majani ya kando ya njia nayo hayaoti bure: hukatwa kwa mundu, hufungwa mizigo, hupelekwa shimoni. Magugu yanayong'olewa wakati wa palizi hayatupwi. Maganda ya viazi vitamu, majani ya muhogo, mabua laini, yote yana mdomo unaoyasubiri.

Bondeni kulikuwa na kazi nyingine ya kustaajabisha. Mahali maji yanapotuama, mpunga hupandwa. Karibu na vijito na ukingoni mwa ziwa, watu wamechimba ardhi mpaka kuukaribia unyevu, na humo wanaotesha mabingobingo na majani mengine ya mifugo, ambayo hukatwa, huchipua na kukatwa tena hata wakati wa kiangazi. Ni malisho yaliyolimwa, yenye mipaka kama shamba la mahindi. Kwenye miinuko, mawe yamepangwa kuwa kuta fupi za kuzuia udongo usiteremke na mvua. Baadhi ya kuta hizo, kwa maelezo ya wazee, hakuna anayekumbuka aliyezijenga. Lakini kila msimu mwenye shamba huokota jiwe lililoanguka na kulirudisha.

Mwaka wa 1936, maofisa wawili wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Thornton na Rounce, waliandika juu ya kilimo cha Wakara katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records. Walieleza mashimo ya ng'ombe, zamu za mazao na umiliki wa miti kwa heshima ya watu waliokuta jambo wasilolitarajia. Miaka ya 1960 mtafiti Mjerumani, H. D. Ludwig, aliyachunguza mashamba hayo kwa undani zaidi, akihesabu saa za kazi na mazao yanayopatikana. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1968 katika kitabu kilichohaririwa na Hans Ruthenberg kuhusu wakulima wadogo wa Tanzania. Tangu hapo Ukara imekuwa mfano unaotajwa katika vitabu vya kilimo cha nchi za joto duniani kote.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo linastahili kukumbukwa hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 1947 wakoloni waliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ng'ambo tu ya maji. Waliwaamuru watu kwa sheria ndogo kutia samadi mashambani, kulima kwa matuta, kupunguza mifugo. Aliyekaidi alitozwa faini. Watu walizichukia amri hizo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 zilikuwa zimevunjika, zikiwa zimechochea hasira iliyokipa nguvu chama cha TANU katika eneo lile. Wakati huo huo, Wakara walikuwa wanatia samadi, wanajenga kuta za mawe na kulisha ng'ombe kwa mundu bila kuamriwa na mtu. Kilichowatofautisha na Wasukuma ni nafasi. Msukuma aliyeona shamba limechoka aliweza kuhamia jipya, na kwa kufanya hivyo alitumia akili yake sawasawa. Mkara aliyebaki kisiwani hakuwa na pa kuhamia.

Ushahidi kwamba nafasi ndiyo sababu ni Wakara wenyewe. Kwa miongo mingi wamekuwa wakihama kisiwani: wengine Ukerewe, wengine Sengerema na Geita, wengine Mwanza mjini. Ludwig na waliomfuata waliona kwamba Mkara akifika bara na kupata ekari za kutosha, huliacha shimo. Hujenga zizi la kawaida, huwaachia ng'ombe wake wajilishe, husahau marejea. Elimu anayo, mikono anayo, lakini hana sababu ya kujichosha. Ludwig alipima na kuona kwamba Ukara mtu hufanya kazi nyingi sana kwa kila gunia analolipata. Eneo dogo linatoa chakula kingi, lakini saa moja ya jembe inatoa kidogo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho, na ndiyo yanayonifanya nisikubaliane na wanaokisifu kilimo hiki kama urithi mzuri wa kuhifadhiwa, wakaishia hapo. Mwenyeji wangu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa jirani. Alikata majani, alichota maji ziwani, alipika uji, alikwenda shambani, alirudi na mzigo wa majani mwingine kichwani, akatwanga udaga wa muhogo kwa ajili ya ugali wa jioni, tukala na dagaa. Hakulalamika. Lakini nilipomuuliza kama binti zake wataendelea na shimo, alinijibu kwa swali: wewe ungemtakia mwanao shingo kama hii?

Vijana wa kiume wana jibu lao, nalo liko ziwani. Mialo ya dagaa na sangara hulipa fedha taslimu usiku mmoja, ilhali uwele unangoja miezi. Usiku taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga juu ya maji mpaka karibu na upeo wa macho, na sehemu kubwa ya nguvu kazi ya kisiwa ilikuwa huko. Uvuvi nao una kupanda na kushuka. Samaki wakipungua, au mwalo ukifungwa kwa msimu, vijana hao hao hurudi nyumbani na kukuta shamba limehudumiwa na mama na bibi.

Matatizo mengine hayatokani na uvivu wa mtu yeyote. Muhogo, ambao umechukua sehemu kubwa ya nafasi ya uwele kwa sababu hauhitaji palizi nyingi wala kulinda ndege, umeshambuliwa Kanda ya Ziwa na magonjwa mawili ya virusi: ugonjwa wa batobato, unaokunja majani, na ule wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ndani kwa ndani hata shina likiwa kijani. Yote mawili huenezwa na inzi weupe na kwa vipando vilivyoambukizwa, na watafiti wa kituo cha kilimo cha TARI Ukiriguru wamefanya kazi ya kutafuta na kusambaza mbegu zinazostahimili. Lakini kisiwani kipando kizuri lazima kivuke maji, na mtu akipewa bure kipando kigonjwa na jirani yake, atakipanda. Mama mmoja alinichimbulia muhogo mnene wa kupendeza, akaukata katikati. Ndani ulikuwa na madoa makavu ya rangi ya kutu. Aliutupa kando bila neno na kuchimba mwingine.

Kuni ni tabu nyingine. Miti ni michache na ina wenyewe, kwa hiyo mabua ya uwele huenda jikoni badala ya kwenda shimoni. Kila bua linalopika uji ni tandiko ambalo ng'ombe hakulipata, na samadi ambayo shamba halitaipata. Jiko la kuni chache, jambo linaloonekana dogo katika ofisi za mipango, hapa ni suala la rutuba.

Na mbolea ya dukani? Ipo, inavuka kwa kivuko. Mwaka 2022 bei yake ilipopanda duniani kote, serikali ilianzisha ruzuku kwa msimu wa 2022/23, na wakulima waliojiandikisha walinunua kwa bei nafuu. Hilo lilisaidia wengi nchini. Lakini kichanga cha Ukara hakishiki mbolea ya chumvichumvi bila mboji ndani yake: mvua moja kubwa inaweza kuishusha chini ya mizizi. Mbolea ya kiwandani ingefaa kuongezwa juu ya samadi, kidogo kidogo, si kuchukua mahali pake. Anayetaka kuwasaidia wakulima hawa aanze na kile wanachokijua, kisha atafute namna ya kuwapunguzia mzigo, maana kinachoua kilimo hiki ni uzito wake.

Uzito huo unaweza kupungua. Siku yangu ya mwisho nilimkuta kijana wa mwenyeji wangu, aliyerudi kutoka mwaloni miezi michache nyuma, akifunga magunia mawili ya samadi nyuma ya pikipiki yake ya bodaboda. Vijia vya Ukara havikutengenezwa kwa magurudumu, kwa hiyo alikuwa ametumia siku kadhaa na wenzake kung'oa mawe na kujaza mashimo katika njia moja inayopanda kilimani. Safari moja ya pikipiki ilibeba kile ambacho mama yake angekibeba kwa mizunguko mingi. Majirani walikuwa wameanza kumlipa awabebee yao, wengine kwa fedha, wengine kwa debe la njugu mawe wakati wa mavuno.

Tulizungumza juu ya mahitaji yake. Hakuomba trekta, vipande vya shamba ni vidogo mno kwa trekta. Alitaka njia mbili zaidi zitengenezwe, toroli tatu za magurudumu makubwa zinunuliwe na kikundi, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na daktari wa mifugo anayevuka mara kwa mara, kwa sababu ng'ombe akifa, shimo limekufa pia. Kwa hesabu yake, vitu hivyo vyote kwa pamoja visingefikia bei ya gari moja la ofisi. Mama yake alimkatiza akamwambia aache kuhesabu mali ya serikali, jua linapanda na magunia bado yako ishirini. Kijana alipiga kiki, akaondoka. Mama akachukua koleo na kurudi shimoni kujaza mengine.